Nywele za Gadiel

South Beach, Durban
24 Aprili 2025

Mama Marcelline mpendwa,

Shikamoo Mama. Habari za Lubumbashi, na habari za usingizi, maana najua ndio ulioondoka kwanza. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaosuasua.

Sura yangu huijui. Naitwa Atupele, mke wa Gadiel, yule Mtanzania aliyetengeneza simu na mwanao Alain katika duka moja hapa mjini kwa miaka sita. Tulifunga ndoa tarehe 15 Februari na Alain ndiye alikuwa msimamizi wetu. Alicheza mpaka suruali ikachanika, akafunga koti kiunoni, akaendelea. Wiki nane baadaye tulimzika.

Gadiel ameniambia alikupigia simu siku ile akashindwa kumaliza. Acha nimalizie mimi. Ilikuwa Jumapili, kanisa moja lilikuwa linabatiza watu baharini. Wimbi likamchukua mama mmoja mwenye kanzu nyeupe. Alain alivua viatu, akampa Gadiel, akaingia. Alimsukuma yule mama mpaka watu wakamdaka mkono. Yeye mwenyewe bahari ilimrudisha jioni. Gadiel hajui kuogelea. Alibaki mchangani na viatu.

Pale dukani Alain alipenda kuwasimulia wateja hadithi ya kale ya Mesopotamia, ya mfalme shujaa na rafiki yake aliyelelewa na wanyama wa porini. Waliingia msituni pamoja wakaua zimwi. Kisha rafiki akafa, mfalme akakataa asizikwe kwa siku saba, halafu akaacha nywele zikasokotana, akavaa ngozi, akazunguka dunia akitafuta dawa ya kutokufa. Kila siku Alain na Gadiel walibishana nani kati yao ndiye mfalme. "Wewe ni wa porini," Alain alimwambia, "angalia unavyokula."

Sasa mume wangu amepata jibu. Siku saba alikaa mlangoni mwa mochwari akikataa kutia sahihi ya maziko. Alikuwa amemwahidi mwenzake kuwa hatazikwa ugenini, na uwezo wa kumsafirisha hatukuwa nao. Mwisho alitia sahihi, akamkata marehemu nywele na kucha, akazifunga katika leso yangu ya harusi, na juzi amepanda basi kuja kwako. Simu ameiacha mezani. Fundi simu, Mama.

Nakuomba akifika unijulishe. Kibali chake cha kukaa nchi hii kinakwisha tarehe 30 Juni. Asipoingia kabla ya hapo, mpakani watamkataa, na mimi sijui tutaonana wapi tena. Ni mrefu, ana mwanya, na akitabasamu utaelewa kwa nini sikumsumbua na maswali aliponiposa.

Mwanao,
Atupele

*

Katuba, Lubumbashi
29 Aprili 2025

Mutoto wangu Atupele,

Jambo sana. Miye niko muzima, magoti tu ndiyo inalalamika. Na weye, unakula?

Bwana yako alifika jana, vumbi mpaka kwenye kope. Mbele ya nyumba nauzishaka munkoyo, pombe yetu nyepesi ya mahindi. Nilifikiri ni mteja, nikamupa kikombe. Hakukunywa. Alipiga magoti akaweka leso yako kwenye mapaja yangu. Sikuuliza iko nini ndani. Leo tumezika zile nywele makaburini, pembeni ya baba ya Alain.

Analala kitanda ya Alain. Unapaswa kujua desturi yetu: muntu mwenye kilio hanyoi kichwa na haachi nyumba ya matanga mpaka mama ya marehemu amunyoe kwa mukono wake. Siku naipanga mimi. Kwa hiyo usiogope.

Merci kwa leso.

Mama ya Alain

*

South Beach
4 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yaendeleaje? Yapakwe mafuta ya moto, yatatulia.

Niliposoma "alifika jana" nilikumbatia mto wa kitanda kama mtu. Laetitia, jirani yangu msusi, alinikuta hivyo. Akaniuliza, "Weye uliolewa na bwana ama na mto?" Nikamwambia mto haukoromi, na mimi nimeikumbuka mikoromo. Kabla sijaolewa ningekataa katakata kwamba mwanamke anaweza kulilia mikoromo ya mtu.

Mama, huyu mwanamume alinifulia nguo wiki ya kwanza ya ndoa na kuzianika dirishani majirani wote wakiona. Ananiita Jua la Saa Mbili, eti la saa sita linachoma. Ninampenda mpaka nacheka peke yangu ndani ya taxi.

Umepanga siku ya kunyoa? Mwambie nimelitengeneza lile dirisha lake linalogoma.

Mwanao Atupele

*

South Beach
26 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujaugua. Hii ni ya pili bila jibu.

Bado napika wali wa watu wawili. Mkono umeshazoea, sijui nitauambiaje. Jana nilisimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, taa ikawaka kijani, ikawa nyekundu, ikawaka tena kijani, sikuvuka, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu mrefu. Hakuwa yeye. Hata mwanya hakuwa nao.

Zimebaki siku thelathini na tano. Nielewe, simharakishi marehemu. Alain nilimpenda. Lakini siku ya harusi yeye ndiye aliyeniwekea mkono wa Gadiel mkononi mwangu akasema, "Mshike huyu, ana mazoea ya kupotea."

Mwanao Atupele

*

South Beach
5 Juni 2025

Mama Marcelline,

Shikamoo.

Sitaki kukukosea heshima, umezika mwana. Lakini yule ni mume wangu. Tumeishi pamoja siku sitini na sita, na kila moja naijua.

Mnyoe.

Atupele

*

Katuba
11 Juni 2025

Mutoto wangu,

Jambo. Sikuwa mugonjwa. Barua zako zote nilisoma kwenye simu, nikaificha chini ya gunia ya mahindi.

Nitakuambia bila kuzunguka. Gadiel alitengeneza paa. Alichota maji. Asubuhi alikohoa ndani ya chumba ya Alain, na miye nikiwa kwenye jiko nikasikia muntu anakohoa ndani ya chumba ya mutoto wangu. Unaelewa? Kila juma nilimuambia, "Wembe haijakuwa muzuri, tungoje." Wembe iko mupya. Niliinunua siku alifika.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na neno moja tu ya kuomba, na iliniuma kuliko zile ndefu.

Leo nilimuketisha kwenye kiti ya kuuzia munkoyo. Nywele zilikuwa kama kiota. Nikamuuliza, "Ule mufalme yenu alizunguka sana, dawa alipata?"

"Alipata jani moja, Mama. Nyoka akalila."

"Na njiani hakuna muntu alimuambia arudi nyumbani?"

Akasema, "Mwanamke mmoja, mpika pombe. Alimwambia kufa ni fungu la watu wote, ale, aoge, avae safi, amfurahishe mkewe."

"Alimusikia?"

"Hapana."

"Na miye napika nini hapa?"

Alicheka, Atupele. Mara ya kwanza. Ni kweli iko na mwanya. Halafu alilia kichwa yake kwenye mapaja yangu, akasema ni miguu yake ilikataa kuingia majini, kwamba alibaki tu na viatu. Nikamuambia, kama ungeingia ningezika nywele za watoto wawili. Nilimunyoa akilia hivyo hivyo. Nilimukata kidogo juu ya sikio, utaona.

Kesho anapanda basi. Unisamehe, ama usinisamehe, lakini fungua mulango.

Mama ya Alain

*

South Beach
12 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma mara nne. Nilitaka kukasirika. Nikajiona mimi na ule mto, hasira ikakosa pa kukaa.

Nitakuandikia kila siku mpaka afike, nawe usikeshe ukiwaza.

Mwanao Atupele

*

14 Juni 2025

Shikamoo Mama. Jana usingizi wa mchana ulinishika nikakosa kuandika, nisamehe. Bado. Nimefua mashuka.

Atupele

*

15 Juni 2025

Bado, Mama. Nimeyafua tena.

Atupele

*

16 Juni 2025

Shikamoo. Basi la leo kutoka Johannesburg limefika. Nilikwenda stendi nikatazama vichwa vyote. Kipara kilikuwa kimoja, cha mchungaji. Bado.

Atupele

*

Katuba
21 Juni 2025

Mutoto wangu Atupele,

Jambo ya mbali.

Iko siku tano hujaandika. Siku ya kwanza niliogopa, nikasema mpakani wamemukataa. Ya pili niliendelea kuogopa. Ya tatu nilikuwa nachuja munkoyo, nikakumbuka miye na baba ya Alain, aliporudi kutoka mugodini mwaka ule, ndugu zangu walitafuta habari yangu juma nzima. Nikacheka, mpaka wateja wakaniuliza mama ana nini.

Usinijibu. Nyumba hapa iko kimya, lakini ni kimya yangu, nitaizoea. Musikilize akikoroma.

Mama yenu,
Marcelline