Sajini Alikutii Mpaka Mwisho

Baba,

Sikuandikii ili nikulilie. Kulia nililia siku ya mazishi, tena mbele ya watu, mpaka shangazi akaninyang'anya leso iliyolowa akanipa shuka. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na hapa nyumbani hakuna mtu wa kuambiwa hivyo. Mtu akishakufa anakuwa mwema ghafla. Wageni wanakaa kwenye kiti chako wanasema ulikuwa mtu mpole. Mimi namimina chai.

Habari za huku ni hizi. Mvua ya mawe ilipiga chai ya kule chini karibu na mto, lakini imeanza kuchipua tena. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mdogo wangu Kiprono amechukua koti lako la kazi, ingawa mikono inampita vidole. Mama siku hizi anakaa upande wako wa meza, na ukimuuliza kwa nini, anasema huko ndiko kuna mwanga.

Na Sajini yuko hai. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za Mama.

Nakumbuka siku uliyomleta kutoka Kericho ndani ya katoni. Mtamba wetu alikuwa ameibwa wiki chache kabla, na wewe ulikuwa umeapa kwamba hakuna mtu atakayeingia tena kwa lango lako bila kujuta. Ukafungua katoni, na ndani kukawa na Doberman mdogo, mweusi, kahawia kidogo juu ya macho, masikio yamelala kama majani ya maboga yaliyokosa maji. Akakojoa kwenye kiatu chako. Ulicheka, Baba. Nadhani hiyo ndiyo siku ya mwisho mbwa huyo kuchekewa.

Mimi nilifurahi. Nilijiambia, nina duka la dawa za mifugo pale Kapkatet, watu wananiuliza kila siku kuhusu kupe na minyoo, sasa hata baba yangu ataniuliza. Wewe ukasema, "Chelangat, mimi nimelinda ghala la majani chai kabla hujazaliwa. Wewe uza dawa. Mambo ya ulinzi wachana nayo."

Ukaanza na masikio. Kwenye kalenda ya sebuleni kulikuwa na picha ya Doberman mwenye masikio yaliyosimama wima, nawe ukataka ya mbwa wako yasimame hivyo hivyo. Nilikusihi tuyaache, ni masikio tu, anasikia nayo vizuri. Ukamwita rafiki yako mliyekuwa mkilinda naye, akaja na wembe. Moja lilisimama, lingine likaanguka, na mpaka leo Sajini ana uso wa mtu anayeuliza swali. Nilimpaka dawa siku kumi. Alikuwa akisikia hatua zangu anaanza kutingisha mkia kabla sijafika. Kidonda kilipopona, ukaniambia basi, nisimguse tena.

Halafu kile kibanda. Ulikijenga kwa mabati pande zote, bila dirisha, na mchana kutwa ukamfungia humo gizani ili asione watu. "Mbwa akizoea nyuso za watu, ataanza kuchagua." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako. Nilikuambia mbwa wa aina hii manyoya yake ni mafupi, baridi yetu inamwingia mpaka kwenye mfupa, apewe hata gunia. Ukanijibu kwamba mbwa wa babu walilala nje kwenye umande. Kweli walilala, Baba, lakini walikuwa na manyoya. Sajini alikuwa akitetemeka mpaka mabati yanalia, na sisi tukiwa tumekaa jikoni kando ya moto tunasikia. Ulikuwa ukisema hayo ni makali yanamwingia.

Chakula kilikuwa ugali na maji ya dagaa omena, na juu yake pilipili kichaa, ili moyo uwake. Hakikuwaka kitu isipokuwa tumbo. Mbwa aliyeumbwa kukimbia ukampa mnyororo wa hatua nne. Nikikwambia, unanijibu kwa methali, samaki mkunje angali mbichi. Ulimkunja, Baba. Akakunjika.

Lakini hayo yote ningekusamehe kama si yale maziwa.

Unakumbuka? Mimi nakumbuka. Mama alikuwa ametoka kukamua, akapita kibandani akamwekea Sajini maziwa kidogo kwenye bakuli la bluu. Alikuwa amemhurumia tu, kama anavyohurumia kila kitu chenye njaa. Sajini akanywa. Wewe ukatokea upande wa lango ukaona. Hukumgombeza Mama. Laiti ungemgombeza. Ulichukua fimbo ukamchapa mbwa, bakuli likiwa mbele yake, na kila alipolisogelea ukamchapa tena. Siku ya pili ukamwomba Mama aweke maziwa tena. Mama hakutaka, ukamlazimisha. Sajini akanusa, ukamchapa. Ilichukua siku nne. Siku ya tano Mama aliweka bakuli, na mbwa akageuza uso akatazama mabati. Ukampigapiga mgongoni, ukatuambia, "Sasa huyu hawezi kuwekewa sumu na mwizi. Mkono wake ni mmoja, wangu."

Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu cha chai mgongoni. Nilijua kila kitu ulichokuwa ukikosea. Nikageuka nikaenda shambani kuchuna. Hilo ni langu, na silitupi kwako.

Sasa nikuambie ile asubuhi, kwa sababu wewe uliiona kutoka chini na sisi tuliiona kutoka nje.

Ulitoka kumrudisha Sajini kibandani kama kawaida, baada ya zamu yake ya usiku. Mama alikuwa anakamua, mimi natafuta funguo za duka. Tukasikia mnyororo umeanguka, halafu kimya. Tulipotoka ulikuwa umelala chali kati ya kibanda na lango, mdomo umekwenda upande mmoja, na mkono wako wa kushoto ukisogea sogea kwenye nyasi. Sajini alikuwa amesimama juu yako, miguu yake huku na huku ya kifua chako.

Mama alipiga hatua tatu, na Sajini akaonyesha meno.

Nilimwita kwa jina. Alinitazama, Baba. Nadhani alikumbuka ile dawa, kwa sababu mkia ulitingishika mara moja. Lakini nilipoweka mguu mbele, alinguruma, na niliona kwamba angeniuma huku akisikitika. Kiprono akamtupia mawe. Mawe yalimpata, naye badala ya kukimbia akalala juu yako, akakufunika kama anakuzuilia mvua.

Jirani aliyesikia kelele zetu akaja na pikapu ni Baba Njeri. Yule yule. Wewe uliyesema watu wake walikuja kutoka Nyeri juzi, na hiyo juzi yako ina miaka hamsini. Wewe uliyeamini bila ushahidi wowote kwamba ndiye aliyemjua mwizi wa mtamba. Aliacha gari likinguruma langoni, mlango wa nyuma wazi, tayari kukupeleka hospitali. Hospitali si mbali, Baba. Ungefika haraka.

Ndipo Mama akaenda jikoni akarudi na maziwa. Kwenye bakuli la bluu. Akapiga magoti akalisukuma kwa ufito mrefu kwenye nyasi mpaka karibu kabisa na pua ya mbwa, akambembeleza kwa sauti ya kumwita mtoto. Sajini alitetemeka mwili mzima. Mate yakamtoka yakaanguka kwenye sweta yako. Halafu akageuza uso, akatazama mabati.

Ulimfundisha vizuri.

Sijui tulikaa pale muda gani. Mkono wako ulikuwa ukisogea, na mimi bado sijui kama ulikuwa unamwita au unamfukuza. Mwishowe Baba Njeri aling'oa mlango wa zizi akaushika mbele yake kama ngao, akamsukuma Sajini mpaka ukutani, na sisi tukakuvuta kwa miguu. Mbwa alipita kando ya ule mlango akamuuma mkono. Baba Njeri hakuuachilia mlango mpaka tulipokuingiza kwenye pikapu. Nashukuru kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa ulikuwa umenikubalia, hiyo moja tu.

Ule mkono wako ulikuwa umeacha kusogea. Hospitali, daktari aliuliza ulianguka saa ngapi. Mama akamwambia. Akaandika, na hakuuliza swali lingine.

Labda ungekufa tu hata kama tungekufikia mapema. Labda. Hakuna anayejua, na hapo ndipo hasira yangu inapolala na kuamkia.

Baada ya mazishi Kiprono alitoa upinde. Akasema, "Hii mbwa imeua baba." Waombolezaji nao walikuwa wakinong'ona kwamba mbwa aliyewazuia watu wasimfikie mwenye nyumba ni mkosi, hafai kuona mwezi mwingine. Nilienda nikasimama mbele ya kibanda. Usidhani ni huruma. Nilitaka kitu kimoja ulichokiharibu kitengenezwe nikiwa naona.

Nilienda pia kwa Baba Njeri kuomba msamaha kwa niaba yako, kwa sababu wewe usingeenda hata ungekuwa hai. Nilimkuta amefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nimejiandaa kusikia maneno makali. Akaniambia, "Hiyo mbwa haina makosa. Ilifanya kazi yenye ilifunzwa." Akamwambia mkewe aniletee uji. Nilishindwa kuunywa.

Kiprono na mimi tulikata dirisha kwenye mabati. Tuliweka sakafu ya mbao na blanketi kuukuu. Pilipili niliitupa. Nilianza kukaa nje ya kibanda kila asubuhi kabla ya kwenda dukani, nimempa mgongo, sisemi kitu, mpaka aache kunguruma. Wiki ya tatu nilimfungulia akimbie. Hakukimbia. Alienda moja kwa moja kwenye kaburi lako pale mwanzo wa chai, akasimama juu ya udongo, miguu huku na huku. Mama alikuwa anakuja na maua ya kupanda. Sajini akaonyesha meno.

Mama aliweka maua chini akarudi nyumbani. Hiyo ilikuwa mara ya pili, Baba, mbwa wako kumzuia mke wako asikufikie. Siku hiyo nilikuchukia. Nakuambia wazi, kwa sababu wewe mwenyewe ulipenda maneno ya wazi.

Dukani watu bado wananiuliza juu ya mbwa mkali. Juzi mama mmoja alikuja, amenunua Doberman, anataka kujua akimfungia gizani kwa muda gani ndipo awe mkali wa kutosha. Nilimwambia aketi. Nikamwambia mbwa wa aina hii hahitaji kufundishwa ukali, anazaliwa na wa kumtosha. Anataka kukimbia, anataka joto, anataka kula kutoka mkono wa kila mtu wa nyumba hiyo na kujua mgeni ni nani na jirani ni nani, akiwa bado mdogo. Akaniuliza kama asipolelewa hivyo kunaharibika nini. Nikamsimulia kuhusu mzee fulani. Sikutaja jina lako. Alipoondoka nilifunga duka mapema.

Ninalotaka ulijue hasa lilitokea Jumapili iliyopita. Mama alikuwa akimwekea Sajini maziwa kila siku tangu tukate dirisha, katika bakuli lile lile, kwa sababu alikataa nilibadilishe. Kila siku mbwa aligeuza uso, na Mama aliyamwaga akaliosha bakuli. Jumapili tulikuwa tumetoka kanisani, Mama bado amevaa nguo nzuri. Akakaa chini kwenye nyasi, akatia vidole kwenye maziwa, akanyoosha mkono. Sajini alitazama lango. Alitazama kibanda. Nadhani alikuwa anakutafuta. Halafu akasogea akalamba vidole vya Mama, mara moja, mara mbili, akanywa maziwa yote mpaka bakuli likasota kwenye nyasi.

Alipomaliza, alilala kifudifudi, akabana mkia, akafunga macho. Hatukuelewa kwanza. Mama ndiye aliyeelewa.

"Chelangat," akasema, "inangoja fimbo."

Akamwekea mkono mgongoni, na mbwa akaruka kwa woga, na Mama hakuutoa. Wakakaa hivyo mpaka chakula cha mchana kikapoa. Nililia tena, Baba, nilikuwa nimedhani nimemaliza. Nililia kwa ajili ya mbwa na Mama, na mwishoni kidogo kwa ajili yako, kwa sababu niliona kwamba uliogopa watu maisha yako yote na hukuwa na mtu wa kukuwekea mkono mgongoni ukauacha hapo. Lakini hasira bado ninayo. Usifikiri nimeimaliza.

Nakuaga sasa, ndama analia na Mama ananiita. Sikuahidi kukusamehe, hilo litakuja au halitakuja. Ninalokuahidi ni hili. Mwaka ukitimia tutaweka msalaba, na watu watakuja, na Baba Njeri nimeshamwalika asimame mbele na sisi. Sajini atakuwa amefunguliwa, hatafungiwa popote. Na Mama atatembea mpaka kwenye kaburi lako na maua yake, akae karibu na wewe kwa muda anaotaka, bila kuomba ruhusa kwa mbwa.

Lala, Baba.

Binti yako,
Chelangat