Kibao cha Mama Hakipo Stoo

Ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia,
Al-Khuwair, Maskati.
Jumapili, 18 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Afra,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemegi Fahd na Nawar wetu, bi harusi mtarajiwa. Baridi ya huko Coventry inakutesa? Vaa soksi mbili, wala usiniambie umeshazoea, maana kifua chako nakijua tangu utotoni.

Sisi hapa alhamdulillah. Goti langu linanisumbua nikirukuu, basi nnasali kwa kiti na Mungu ndiye mpokeaji. Shemegi yako Muhanna hajambo, bado yumo gereji kule Ghala, anarudi ananuka oili hata chai hainyweki. Fajr ameanza kazi benki, na akirudi nyumbani kazi yake ni kutuambia kuwa fanicha zetu mbaya.

Utashangaa kupata barua ya karatasi badala ya simu. Nna jambo la kukwambia, na kwenye simu utanikatiza, nami nitalia, halafu tutaishia kuulizana khabari za watu.

Ni kile kibao cha mama cha kukunia nazi. Mwezi uliopita ulikiomba ili Nawar akikalie, akune nazi ya wali wa harusi yake, kama mama alivyotukalisha mimi na wewe kila mmoja wiki ya harusi yake. Nikakujibu kipo stoo, natafuta msafiri. Afra, hakipo. Hakipo tangu mwaka juzi.

Tulipohama nyumba ya Ghala, baada ya arubaini ya mama, alikuja mtu na pikapu anayekusanya vitu vikuukuu. Vitu vya mama vilikuwa vimepangwa ukutani na sikuweza kuvitazama. Nikamwonesha kwa mkono tu, “Chukua vya upande ule,” nikaingia ndani. Nilipotoka, upande wote ulikuwa mtupu. Nilidhani kibao nimekitenga. Sikukitenga. Na kila ulipokiuliza nilikuongopea. Nimefunga Ramadhani mbili na uongo huo kifuani.

Yule mtu alisema vitu vyake huviuza kwenye maduka ya miji ya milimani. Kwa hivyo Fajr aliposema anataka dele kongwe la kahawa, la shaba, la kupambia sebule, mimi ndiye niliyekuwa wa mwanzo kuvaa baibui. Jana Jumamosi tukatoka mapema sote watatu, na chapati zetu na chupa ya chai. Ninachokifuata sikumwambia mtu.

Bahla tuliingia maduka matatu. Kuna vyetezo vya udongo, masanduku ya misumari ya shaba, bangili za fedha nzito kama pingu. Fajr alipata dele lake. Muhanna, asiyenunua hata kanzu mpaka nimburure, akanunua kufuli kubwa lisilo na ufunguo.

“Bwana we, la kufungia nini hilo?”

“La kulitazama tu. Mbona wewe unanitazama mimi miaka thalathini, na sina kazi yoyote?”

Mimi nilikuwa nikiinama chini ya kila meza. Fajr akadhani nimedondosha pete.

Tukapanda mpaka Al-Hamra, penye zile nyumba za udongo zilizoshikana mlimani. Kuna kichochoro, na ndani yake duka la mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe. Nikatazama sakafuni kote, hamna kitu. Nikainua macho. Juu ya rafu, kwenye kitambaa cha kijani, kibao cha nazi kimekunjuliwa, na juu yake pamewekwa msahafu!

Nikamuuliza mzee kwa Kiarabu, hichi kitu gani.

“Kiti cha msahafu, mama. Cha zamani mno. Na huu ulimi wa chuma wenye meno ni wa kuzuia kurasa zisipeperuke.”

Afra, Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya msahafu. “Mzee wangu, hichi hukaliwa.”

“Astaghfirullah! Unakalia kiti cha msahafu?”

Nikaubusu msahafu nikauweka rafu ya juu zaidi. Kibao nikakitua chini, nikapandisha baibui, nikakikalia na goti langu likilia, nikamwonesha namna tunavyokuna, ngumi yangu ndiyo nazi. Fajr ananivuta mkono, “Mama, watu wanatazama!” Muhanna ameshika ukuta kwa kicheko.

“Miaka mitatu nimekiheshimu,” mzee akasema kwa unyonge. “Hata mke wangu nilimkataza asikiguse.”

“Usisikitike, mzee,” Muhanna akamwambia. “Hapana kifaa cha jikoni kilichopata thawabu kama hichi.”

Wao wakicheka, mimi nakigeuza kibao. Unaijua ninayoitafuta. Ile duara nyeusi ya ubavuni, ya siku uliyozaliwa wewe, pale uchungu ulipomshika mama ameinuka kwenye kibao kuepua kijungu cha moto, akakitua hapo hapo. Nikapapasa upande huu, nikapapasa upande wa pili. Mti safi. Si cha mama.

Nilikinunua vilevile. Ndani ya gari nikawaeleza yote, nikalia. Mwishowe Fajr akasema, “Mama, Khalati Afra hajakiona miaka kumi. Pasha kijungu ukitue hapa ubavuni. Nani atajua?”

“Fajr! Hayo ndiyo niliyokufunza?” baba yake akamkemea. Tukaenda, tukaenda, tulipofika karibu na Samail, mwenyewe akakohoa. “Lakini Kheiria... kijungu chenyewe cha mama si bado kipo kabatini?”

Basi nikwambie na hili, nisikufiche kitu tena. Leo asubuhi walipokwenda kazini, nilikitoa kijungu. Nikakiweka juu ya gesi kikavu mpaka kikaanza kufuka moshi. Nikakishika kwa tambara, kibao kipo sakafuni. Nikakuona wewe, mdogo wangu, umeiwekea kidole alama ile ukimwambia Nawar, hapa ndipo nilipozaliwa mimi. Na ungekuwa unapapasa uongo wangu, harusini kwa mtoto. Nikazima gesi, nikatawadha, nikasali dhuha rakaa mbili, nikaja kukaa hapa mezani kukuandikia.

Nisamehe, Afra. Ukikasirika una haki, nitukane hata kwa simu, mimi dada yako nitasikiliza. Ila usininyamazie. Tumebaki wawili tu.

Kibao nnakileta. Jirani yetu Sami anasafiri Alkhamisi kuja London, amekubali kukitia sandukuni mwake, na meno nimeyafunga kwa tambara yasimkate. Usipokitaka, kiweke tu pembeni, sitouliza. Lakini mimi tangu jana nnamfikiri mwenyewe. Lazima alikuwa mwanamke wa kwetu, pwani ya Waswahili, akavuka bahari nacho kuja huku, akaishi nacho milimani pasipo na mnazi hata mmoja. Kisha akafa, na watoto wake wakashindwa kuvitazama vitu vyake, kama mimi.

Nisalimie shemegi Fahd, na mama mkwe wako Bi Zuwena, mwambie dua yake ya miguu naendelea nayo. Nawar mbusu macho yote mawili. Muhanna na Fajr wanakusalimu, ingawa Fajr anaona haya kwa ushauri wake. Mungu akuwekee kizazi chako, aijaze nyumba yako baraka, na atukutanishe hapa duniani kabla ya kwengine.

Na Nawar akikaa kukuna nazi yake, mwambie kwanza amsomee Fatiha mwenye kibao. Jina lake hatulijui, lakini Mungu analijua.

Dada yako akupendaye, anayengoja sauti yako,

Kheiria