Kitanda cha Nduta Mbele ya Kamati

Amolo, uko? Nyanya yangu, Shosho Nduta, amenisimulia kisa sasa hivi, lazima nikuambie!

Mwaka wa 1985 alikuwa akichomelea vyuma Mathare, Nairobi. Serikali ikatangaza itanunua vitanda vya hospitali kutoka kwa mafundi wa hapa nchini, si ng'ambo pekee. Akaunda kimoja kinachoinua kichwa cha mgonjwa kwa cheni ya baiskeli, akakipeleka mbele ya kamati ya ununuzi.

Mkubwa wa kamati akalala juu yake. Cheni ikakatika. Mzee wa watu chini, pu! Amolo, PU!

Shosho akajua amekwisha.

Mzee akainuka, akapangusa suti. "Mama, unaweza kupata cheni nene?"

"Naweza."

"Basi unda vitano, tuvijaribu hospitalini. Tukikataa kila kinachoanguka mara ya kwanza, nani atajifunza kuunda?"

Shosho akaokota ile cheni iliyokatika, akaenda kutafuta nene.