Kipkorir Hakuangushwa

Nyumba Na. 61,
Bondeni,
Nakuru.
9 Novemba 1957

Mpendwa kaka Kiprugut,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa shemeji yako Kimaiyo na kutoka kwa watoto wote watatu. Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Wewe hujambo? Wifi Kalunde hajambo, na ule mguu uliokuwa ukimsumbua umepona? Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoomba, ili naye asome mwenyewe bila kungoja umtafsirie. Najua kutafsiri kwako. Unaruka yale usiyoyapenda.

Mama yuko kule Rongai na afya yake ni njema. Mahindi yamekubali mwaka huu na kuvuna kumeanza. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama anasema kazi ikipungua atakuja kukaa nasi wiki mbili, lakini husema hivyo kila mwaka.

Sasa nije kwenye barua yako. Niliipata Jumatatu, nimeisoma mara nne, na kila nikiisoma hasira zinanipanda upya. Unasema mwenzako wa stesheni ya Tabora alikuletea gazeti la Nairobi, ukamwona ndugu yetu Kipkorir amelala chali ulingoni, na bondia aitwaye Naftaly amesimama juu yake, glovu hewani. Chini ya picha wameandika kwamba huyu Naftaly ndiye bingwa wa dunia ajaye, na kwamba alimwangusha mwenzake katika raundi ya pili. Umesikitika, unasema. Halafu unaniagiza nimwambie Kipkorir aachane na ngumi kabla hajaumizwa.

Kaka, wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu. Lakini wewe ndiye uliyemfundisha mtoto huyu kukunja ngumi, nyuma ya zizi la Baba, mimi nikiwa mlinzi wa kuangalia kama Baba anakuja. Picha moja tu imekutosha? Hukuweza hata kuniuliza kwanza?

Kipkorir hakuangushwa. Nilikuwepo, nami nitakueleza yote kama nilivyoyaona.

Kwa ajili ya wifi, ambaye hajamwona: Kipkorir ndiye kitinda mimba wetu. Sisi tulipopelekwa shule ya misheni, yeye alibaki kwa Bibi kule Ravine, na Bibi akamtoboa masikio kwa desturi ya zamani, ndewe zikavutwa mpaka zikaning'inia. Sasa ana miaka ishirini na miwili, anakaa kwetu, na kazi yake ni kubeba magunia katika ghala la nafaka karibu na stesheni. Ni mfupi na mpana. Kabla ya kupigana huzifunga ndewe juu ya masikio kwa uzi, ili glovu isizikamate.

Naftaly ni kijana wa Maragoli, wa karakana ya reli. Kwenye mizani uzito wao ni mmoja, lakini Naftaly anampita ndugu yetu kichwa kizima. Ana meno mazuri na Kiingereza cha shule, na huimba katika kwaya ya kanisa lake. Si mtu mbaya. Nakwambia mapema ili usije ukadhani namchukia.

Mwezi wa Septemba zilikuja habari kwamba kuna Mzungu kutoka Uingereza anayezunguka nchi hizi akitafuta bondia mmoja wa kumchukua, amfundishe, amfanye bingwa wa dunia. Jina lake Bwana Wetherall. Kaka, mji mzima haukuwa na habari nyingine. Kwa kinyozi, sokoni, hata tukitoka ibadani, watu walikuwa wakibishana ni nani atakayechukuliwa. Kila mtaa ulikuwa na mtu wake. Lakini wote waliojua ngumi walijua kwamba ni wawili tu, Kipkorir na Naftaly, na kwamba mwaka huu walikuwa wamekwisha kukutana mara mbili, na mara zote mbili Kipkorir alishinda.

Wakapambanishwa mara ya tatu mbele ya Bwana Wetherall, siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri. Holi ilijaa mpaka madirishani. Mimi na Kimaiyo tulipata nafasi upande wa ngazi za ulingo.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Naftaly, sitaficha. Alimzuia Kipkorir kwa ule mkono mrefu, kila akitaka kusogea anakutana nao usoni. Raundi ya pili Kipkorir akaanza kuinama na kupita chini ya mkono ule, kama mtu anayeingia mlango mfupi, na akishaingia anapiga mbavu. Raundi ya tatu Naftaly alipiga goti, refa akahesabu mpaka nane. Kengele ilipolia, waamuzi wote watatu walimpa Kipkorir, na refa akauinua mkono wake. Watu wote wa Nakuru waliokuwemo walimwona akiinuliwa mkono.

Ndipo Bwana Wetherall akapanda ulingoni. Nilidhani anakwenda kumpongeza. Hakumpa mkono. Alishika ndewe yake ya kushoto, ambayo uzi wake ulikuwa umelegea, akaivuta ikaanguka begani, akaigeuzageuza kati ya vidole kama mtu anayepima kitambaa dukani. Akasema neno, na Wazungu waliokaa viti vya mbele wakacheka. Mimi ni mwalimu, Kiingereza nakisikia. Alisema kwamba kwa sura hii na masikio haya, hakuna mtu Ulaya atakayetaka kubandika picha yake ukutani.

Kipkorir hakuelewa. Alitabasamu kwa heshima, jasho likimtiririka, kwa kuwa alidhani anasifiwa.

Baada ya hapo Mzungu alimsimamisha Naftaly chini ya taa, akamgeuza kidevu kushoto na kulia, akamwambia acheke. Naftaly akacheka kidogo, jicho moja limevimba kwa konde la ndugu yetu. Mzungu akatikisa kichwa kukubali. Basi, ikawa imekwisha. Mtu aliyesafiri bahari nzima kutafuta bingwa wa dunia, na mbele yake amepigana bingwa, alichagua meno.

Hata hapo ningenyamaza. Dunia ina mambo yake. Lakini kulikuwa na mpiga picha wa gazeti, na alitaka picha. Wakamwita Micah, karani wa klabu, atafsiri. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Kipkorir," Micah alisema, "Bwana anaomba ulale kidogo hapo chini. Ni picha tu."

Kipkorir akauliza, "Na ile ya mimi nimesimama itapigwa saa ngapi?"

"Baada ya hii," Micah akajibu.

Unamjua ndugu yako. Bibi alimlea kuwatii watu wazima na kuwaamini. Alijilaza. Wakamwambia afumbe macho, akafumba. Wakamwambia autupe mkono mmoja kando, akautupa. Naftaly alisimama juu yake akiangalia pembeni, wakamwambia ainue glovu. Picha ikapigwa. Halafu mpiga picha akafunga kamera yake na wote wakaenda kunywa chai, na Kipkorir akabaki ameketi sakafuni mwa ulingo akingoja ile ya pili. Kimaiyo ndiye aliyemwambia ainuke twende nyumbani.

Gazeti lilipotoka, uliliona mwenyewe. Usilolijua ni yaliyofuata huku. Pale ghalani walimpa jina. Akipita na gunia mgongoni, mmoja anamwita, "Lala Kidogo," na wengine wanapokea. Watoto wa mtaa wakalichukua. Hata mwanamke mmoja wa ushirika wetu wa kina mama, mtu mzima, alilitaja mbele yangu akicheka. Kipkorir hakugombana na mtu. Aliacha tu kwenda mazoezini. Akitoka kazini anakula na kukaa kimya, na ule uzi wa masikio nikaukuta nimeufagia pamoja na takataka.

Nilikwenda kwa Micah na gazeti mkononi. Nilimtaka aandike barua kwa gazeti, maana yeye ndiye karani na matokeo ya siku ile yamo katika kitabu chake. Alisema mambo ya magazeti ni ya wenye magazeti, na kwamba Bwana Wetherall ameahidi kuisaidia klabu glovu mpya, tusije tukamuudhi. Basi mimi mwenyewe nikamwandikia mhariri. Mpaka leo sijapata jibu.

Halafu siku moja baada ya ibada Naftaly akaja nyumbani. Hakukaa hata alipopewa kiti. Alimwambia Kipkorir kwamba hakuyaomba yale, na kwamba yeye anajua nani alimpiga nani. Kipkorir akamwambia haidhuru. Mimi ndiye niliyesema inadhuru. Nilimwambia Naftaly kwamba ukweli wa kusemwa jikoni kwangu hauna faida kwa mtu anayechekwa barabarani. Aliaga na kuondoka.

Ikaja siku ya kumuaga Naftaly. Klabu ilifanya chai pale pale holini, mchana, na wakuu wa mji wakaalikwa. Bwana Wetherall alihutubia juu ya bingwa wake, Micah akitafsiri. Mwishoni Micah aliuliza kama kuna mwenye neno la heri. Kaka, niliinuka. Kimaiyo alinishika gauni, nikamtoa mkono.

Nikasema, "Naftaly, mimi ni dada yake Kipkorir. Nakuuliza mbele ya hawa waliosoma gazeti. Ulimwangusha ndugu yangu?"

Naftaly aliweka kikombe chini, akasimama.

"Hapana, mama," alisema. "Alilala kwa kuombwa. Tumepigana mara tatu, na mara tatu amenipiga."

Bwana Wetherall aliinama kwa Micah kuuliza kumesemwa nini. Micah akamwambia kwamba mama huyu anamtakia bondia safari njema, na bondia anashukuru. Mzungu akafurahi, akanipigia makofi, na viti vya mbele vikafuata.

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kiingereza ninacho. Ningeweza kusema maneno matatu tu na Micah angeumbuka. Lakini nilipofungua kinywa, Kiingereza changu cha kufundishia watoto kilikauka kooni. Nilisimama pale napigiwa makofi kama mjinga, halafu nikaketi. Ninapomlaumu Micah, kaka, ujue na mimi najilaumu.

Hata hivyo watu wetu walisikia. Tangu Jumatatu iliyofuata, pale ghalani hakuna anayetamka tena lile jina.

Nilidhani Kipkorir atanishukuru. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Lakini siku ile ya Jumatatu alichelewa kurudi, na Jumanne vile vile. Jumatano nilipitia klabu nikitoka shuleni, nikamkuta ulingoni na Naftaly, wawili tu, wakifanya mazoezi. Kipkorir alikuwa anamfundisha. Naftaly ana kosa moja: akishapiga kwa mkono wa kulia huuacha chini, na upande ule wa taya unabaki wazi. Kila alipouacha, Kipkorir alimgusa shavuni kwa kofi dogo na kusema, "Juu."

Kaka, nilikasirika kuliko siku ya picha. Nilimngoja nyumbani, nikamuuliza kama hana haya. Mtu amechukua nafasi yako, amesimama juu yako mbele ya nchi nzima, nawe unampa na siri zako za ngumi azipeleke zote Ulaya?

Alikuwa ananawa mikono. Akasema, "Dada, kule hawatasema Naftaly amepigwa. Watasema watu wa huku wamepigwa. Na wakimpiga upande ule, watamuumiza sana."

Nilimpakulia chakula.

Naftaly aliondoka Alhamisi iliyopita kwa gari moshi la Mombasa. Tulikwenda stesheni, na kwaya yao ilikuja ikaimba. Bwana Wetherall hakuwepo, alikuwa ametangulia kwa ndege. Gari lilipoanza kuondoka, Naftaly alitoa kichwa na mkono dirishani kutuaga, na Kipkorir akatembea kando ya behewa, kisha akakimbia, akiugonga ule mkono kwa chini kila mara ulipolegea. "Juu," alikuwa akimwambia. "Juu. Juu." Mpaka jukwaa likaisha. Naftaly alikuwa analia, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka mpaka kwenye shavu.

Ukiniuliza nani atakuwa bingwa wa dunia, sijui. Mwezi ujao Kipkorir anakwenda Nairobi kupigania ubingwa wa nchi, na amenunua uzi mpya. Mwandikie kabla hajaondoka, kwa mkono wako na si kupitia kwangu, na usimwambie neno la kuacha ngumi. Mimi nimekwisha kukuandikia kwa ukali, na sijuti, lakini nimekuandikia kwa sababu wewe ndiye ambaye Kipkorir anaendelea kulisubiri neno lako.

Msalimie sana wifi Kalunde, na wazazi wake, na yule mwenzako wa stesheni, umwambie amsome ndugu yetu upya. Mama, Kimaiyo na watoto wanakusalimuni. Cheptanui mdogo, binti yangu uliyemwacha akitambaa, anauliza Tabora ni mbali kupita Naivasha.

Mungu awafunike wewe na nyumba yako, awape usingizi wa amani na kazi isiyo na ajali.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia,

Cheptanui