Singo ya Wardah na Mbwa wa Stesheni

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Cheryl, mhariri wetu wa Nairobi, anataka vidokezo vya kusafiri kwa treni ya SGR. Mwisho Ijumaa. Ameniomba niwe mchangamfu. Nitajaribu kuwa sahihi.

Imesadifu vizuri. Alhamisi mimi mwenyewe nampeleka Shangazi Mwanatabu Nairobi. Yeye ni somo, mfunzi na msingaji wa maharusi: maharusi wa Mtongwe na nusu ya Likoni wamesingwa kwa mikono yake. Mpwa wake, Wardah, anaolewa Jumamosi huko Nairobi. Mamake Wardah alipokuwa anafariki alisema jambo moja tu: mwanangu asisingwe na mkono mwingine. Kusinga ni Ijumaa asubuhi. Wakwe wameshaita saluni, «ikiwa bibi atachelewa».

Shangazi hajawahi kuchelewa. Hajawahi kupanda treni pia.

Kidokezo cha kwanza: Desemba, kata tiketi mapema. Nimepata viti viwili vya mwisho, behewa moja, mbalimbali. Kidokezo cha pili: jina liwe lile la kitambulisho, si lile la mtaani.

Jumanne, 2 Desemba 2025

Shangazi kapiga simu alfajiri. Shikamoo yangu haikujibiwa.

— Abubakari, kweli stesheni kuna mbwa?

Kweli. Mizigo hupangwa mstari mmoja chini, wenyewe husimama kando, mbwa hupita akinusa. Nilimweleza hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kosa langu la kwanza.

Singo, ile ya kumsugulia bi harusi mwili, imo mzigoni. Asumini, liwa, marashi, siku tatu za kusaga. Mbwa akiitia ulimi ni najisi, na mtu hampaki bi harusi najisi. Akaenda kwa Maalim Hashim. Maalim akasema kunusa si kulamba, na kikavu kwa kikavu hakiambukizi. Shangazi akamuuliza:

— Maalim, pua ya mbwa hukauka lini?

Nasikia Maalim aliomba apewe mpaka laasiri.

Jumatano, 3 Desemba 2025

Shangazi kafika kwangu Chaani na tuktuk ya Kombe, mizigo imemfunika hadi kichwani. Kombe, dereva, anasema njia nzima alikuwa akiusikia mzigo ukinukia na hakuthubutu kuvuta sigara.

Fatwa ya Maalim imetoka: ifungwe. Bakuli la singo limetiwa kwenye mfuko wa plastiki, kisha leso saba. Saba! Nikamwambia kitu kilichofungwa hivyo lazima askari watataka kukifungua. Akasema basi watachoka.

Alikuja pia na nusu gunia la makaa ya vifuu, ya kufukizia udi. Hapo nilikuwa mkali. Kidokezo cha tatu: punguza mizigo. Nikaenda dukani nikamnunulia yale makaa ya duara yanayowaka kwa njiti moja. Paketi moja, saizi ya kiganja. Kaigeuzageuza.

— Haya makaa au biskuti?

Lakini kayapokea. Nimeridhika. Nimekiandika kidokezo hicho kwa maneno sitini.

Alhamisi, 4 Desemba 2025

Stesheni ya Miritini, saa saba u nusu. Treni saa tisa. Kidokezo cha nne: fika mapema. Tumefika mapema.

Mizigo ikapangwa. Mbwa akaanza mwisho wa mstari, hana haraka, mkia juu. Akapita sanduku, akapita ndizi za watu. Akafika kwenye kapu la Shangazi.

Akaketi.

— Mathe, fungua — askari mwenye mbwa kasema. Kijana wa bara, mwenye adabu kwa kadiri yake.

— Mathe ni mamako. Mimi ni Bi Mwanatabu.

— Bi Mwanatabu, mbwa haketi bure.

— Basi mwambie asimame!

Akaja askari wa kike, Kadzo. Akamwamkia Shangazi vizuri, akavaa glavu, akafungua leso moja moja mpaka saba. Watu nyuma yetu wakahesabu kwa sauti. Bakuli likafunguliwa, kifuniko kikawekwa chini. Harufu ikatanda hadi kwenye mashine ya tiketi. Hakuna kitu. Mbwa bado kaketi.

Kadzo akatoa kapuni ile paketi yangu.

— Makaa ya kuwaka haraka? Haya yana shura, mama. Ndiyo hutengenezewa baruti. Mbwa kafanya kazi yake.

Makaa yakabaki kwao. Singo ikaruhusiwa. Shangazi akageuka polepole.

— Kanunua nani?

— Mimi, Shangazi.

— Na mwenye akili za safari ni nani?

— Mimi.

Akanipa mgongo, akawa anawaeleza abiria wote mimi nilivyokuwa mtoto. Kwa hiyo hakuona. Kadzo alikuwa anakunja leso, askari anajaza fomu. Mbwa akainamisha kichwa, akakilamba kifuniko. Mara moja. Upande wa ndani, wenye singo. Nina hakika: nilikuwa nimesimama hatua mbili. Kisha Kadzo akakirudisha juu ya bakuli, akakaza.

Kanuni ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Sakafu yote saruji. Udongo pekee uko kwenye chungu cha maua, kimeandikwa USIGUSE. Na bakuli lenyewe haliosheki likabaki na singo.

Saa nane na dakika ishirini na tisa. Wametangaza: lango lafungwa baada ya dakika kumi. Wardah kapiga simu mara mbili; watu wa saluni wanauliza waje saa ngapi.

Shangazi kabeba kapu. Kanitazama machoni.

— Abubakari. Wewe kazi yako kusema yaliyotokea. Yule mbwa kagusa, hakugusa?

Nimemwambia anipe dakika moja, nitazame nilivyoandika kwenye daftari.

Ndiyo ninaandika. Yeye kasimama. Dakika tisa.