Mashine Imenyamaza

Rihab! Kifuniko cha birika kiligonga gizani alfajiri, nikajua mume wangu Idris anawahi kwenda kuiuza mashine yetu ya kutafutia dhahabu. Eti inapiga kelele kila mahali!

Nikamwambia, "Baba Tasnim, ni udongo huu wenye chuma. Nipe dakika tano."

Nikapunguza ukali wa mashine, nikawa naipandisha na kuishusha juu ya ardhi ili iuzoee udongo. Mama mkwe akacheka: "Wee, unatwanga bamia kavu?"

Ikanyamaza. Rihab, IKANYAMAZA!

Nikasogea. Ikalia kidogo. Nikachimba: punje kama dengu!

Nami mjinga nikapiga kigelegele, kambini ambako kila mtu huficha alichopata! Wanaume wakaja mbio. Nikaitia punje mdomoni.

"Mama Tasnim, umepata nini?"

Nikatikisa kichwa.

Tasnim akawajibu, "Mama ana dhahabu mdomoni."