Pombe ya Mtu Hainywewi Bure

Jumapili, mwezi wa saba. Mbinga. Ukungu haujainuka tangu asubuhi na vidole vinaniuma nikiandika.

Dada yangu Adelina ameshindwa kura za maoni za udiwani, na leo nimejua jambo ambalo ningependa nisilijue.

Dada alifanya kampeni kwa miguu. Alipanda na kushuka vilima vyote vya kata yetu akisema habari ya zahanati isiyo na dawa, na bei ya kahawa tangu ushirika ufe na wanunuzi binafsi waje. Watu walimpigia makofi ya kweli. Mpinzani wake, mmoja wa wanunuzi hao, hakueleza chochote. Alituma pikapu yenye madebe ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, kila kitongoji. Wakubwa wanaita takrima, eti ukarimu wetu Waafrika. Ukarimu gani huo unaokuja na uchaguzi na kuondoka nao?

Sisi tukasema wanywe tu, kura ni siri. Wanywe kwake, wapige kwetu.

Tulikosea, na sisi ni Wamatengo, tulipaswa kujua.

Huku ukitaka kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, unapika pombe na kuita majirani. Anayeionja amejifunga, jembe lake lazima lionekane shambani. Ukinywa halafu ukabaki nyumbani, aibu hiyo utazikwa nayo.

Leo baada ya misa nilipita kwa Shangazi, aliyetulea mama alipofariki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akitazama moto. Kisha akasema bila kuulizwa:

"Mwanangu, mimi nilikunywa. Kikombe kimoja tu, kwa baridi ile. Sasa ninywe pombe ya mtu halafu nisimlimie?"

Shangazi! Mwanamke asiyechuma hata ndizi ya jirani bila kuomba. Nimelia njia nzima. Laiti angekuwa na tamaa, ningemkasirikia nikapumua. Lakini ni uaminifu wake uliomwangusha mtoto wake.

Dada amekuwa akisema serikali igharimie kampeni: wagombea wote wapewe sawa, mafuta ya gari, vipeperushi, kipaza sauti, na mfuko wa mtu binafsi ufungwe. Nilimcheka. Serikali hii inayoshindwa kununua dawa ya malaria?

Sicheki tena. Komoni ile tutailipa tu, msimu huu huu, mnunuzi yule atakapotupunja kwenye mizani ya kahawa. Heri tungeilipa mapema kwa kodi yetu, hadharani. Hapo Shangazi angekuwa amekunywa pombe yake mwenyewe, na shamba la kulima lingekuwa lake.

Ingawa sijui. Kipaza sauti kitashinda kikombe cha komoni kwenye baridi hii?

Jioni Dada amekuja kwangu, miguu bado imevimba. Hakumlaumu mtu. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akasema, "Wengine siwajui. Lakini kura ya Shangazi najua ilikuwa yangu. Hiyo inanitosha, nitagombea tena."

Nikainuka kumwongezea chai, na kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Nimwambie? Au nimwachie hiyo moja?